Jembe la Urefu wa Kidole

Kasese, Uganda
Jumapili, 17 Novemba 1957

Asubuhi ya leo ilianza kwa manyunyu na ukungu mzito. Saa tatu mawingu yalipanda, na theluji ikaonekana juu ya mlima kwa muda mfupi, kisha jua kali.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza kabla ya kuamkia mtu mwingine yeyote nyumbani. Goti lako la kushoto linasemaje msimu huu wa mvua? Na ile miwani, umeizoea au bado unaifungia kabatini ukisema inakuzeesha? Niandikie ukweli. Nawe Rajabu, ndugu yangu unayemsomea Mama, soma pole pole wala usiruke mahali. Mara ya mwisho Mama aliniuliza kwa mkono wako mambo matatu niliyokwisha kuyajibu ukurasa wa pili.

Sisi huku ni wazima. Mume wangu Hamisi anaendelea na lori, anabeba chumvi ya Katwe na pamba kuileta hapa kwenye treni, na akirudi hupakia mabati na sabuni za maduka ya Bwera. Mji huu bado mpya, mabati yake yanang'aa mpaka macho yanauma, na mchana joto ni kama la Ujiji mwezi wa tisa, ila ziwa hatulisikii. Mimi nimenenepa kidogo. Nimezoea ndizi za kupika kuliko nilivyotazamia.

Sasa nijibu lile ulilouliza kwa ukali. Unasema Shangazi Tatu amesikia kwa dereva mmoja wa Kigoma kwamba Zuhura siku hizi anashughulika na vibanda vya mizimu ya mlimani, na wewe hukulala. Mama, habari hiyo iliondoka hapa ikiwa na ukweli kidogo, ikaota mkia njiani. Nitakueleza yote kwa mpangilio, kwa kuwa nimeyaandika katika kitabu changu cha kila siku na sihitaji kukisia. Leo pia nina sababu ya kuandika kwa urefu. Yuko mtoto wa kike, Masika jina lake, ana miaka tisa, amelala katika hospitali ya mgodini. Daktari alisema jioni ya leo itajulikana kama mguu wake utabaki au utakatwa. Hamisi amekwenda huko na lori. Mimi nangoja, na katika kungoja nakuandikia. Sina hofu kubwa, na utaona kwa nini.

Kazi yangu unaijua nusu. Ni karani wa memsabu mmoja, mke wa injinia wa mgodini. Siku tatu kwa wiki nakwenda nyumbani kwao, kwenye barabara ya kupanda mgodini, nakaa mezani na taipu. Ndiyo maana watu hapa huniita Mama Taipu. Memsabu anakusanya vitu vidogo ambavyo Wakonjo wa milimani huviweka katika vibanda vya mizimu yao. Vibanda vyenyewe havifiki kiunoni, vimeezekwa majani kama nyumba kamili, na ndani yake hukuta mkuki wa urefu wa kiganja, jembe la urefu wa kidole, shoka ambalo lingeweza kukata njiti ya kiberiti, chungu cha kutosha yai moja la njiwa. Mhunzi anavifua kwa uangalifu uleule wa vitu vikubwa. Mtu akiwa na shida, kwa mfano mgonjwa au shamba lisilozaa, humwomba mwenye mlima, yaani mzimu wa huko juu, na huahidi kitu. Kazi yangu ilikuwa kuvipima vitu hivyo, kuvisafisha, na kuchapa kikaratasi cha kila kimoja, kisha vipelekwe Kampala katika nyumba ya makumbusho. Sijaingia katika kibanda hata kimoja, Mama. Vitu vililetwa mezani.

Siku ya kwanza nilimwuliza memsabu kwa nini mwanamke aliyetoka Uingereza anahangaika na vijembe vya Wakonjo. Alinyanyuka, akafungua mtoto wa meza, akatoa kisanduku cha bati. Ndani yake, juu ya pamba, palikuwa na kishoka cha shaba nyeusi, kigurudumu chenye mikono minne kisichozidi shilingi kwa upana, na kimkuki kilichopindwa katikati mpaka ncha ikagusa mpini.

"Hivi ni vya wapi?" nikamwuliza. "Bwera?"

Alicheka sana. Akasema ni vya shamba la baba yake. Huko kwao kuna kilima ambako zamani palikuwa na hekalu, wakati Warumi walipoitawala nchi yao. Warumi ndio hao Rumi tunaowasoma katika Kurani, Mama, ila hawa ni wa zamani zaidi. Wenyeji wa nchi ile waliitwa Wakelti. Warumi walipowashinda hawakuwanyang'anya miungu yao. Miungu ya pande mbili ilichanganywa, ikaombwa mahali pamoja. Mtu aliyekuwa na haja aliahidi kitu, na akipata haja yake alileta kishoka, kimkuki, kigao au kijungu. Huko Ufaransa, anasema, vigurudumu kama kile viliwahi kutupwa mitoni kwa wingi, kwa ajili ya mungu wa mbingu. Na katika milima ya Uswisi vimeokotwa vishoka vilivyoandikwa majina ya miungu, kila kimoja na wake.

"Na huu mkuki umevunjwa na jembe la trekta?" nikauliza.

"La," akasema. "Ulipindwa kwa makusudi. Baba yangu alinifundisha hilo nikiwa mdogo. Ukishatolewa, haurudi kutumika."

Nilikwenda nyumbani nikamweleza Hamisi kwamba Waingereza nao waliwahi kuwa na vibanda. Alikuwa anakula. Akasema, "Usiwaambie wale wa mgodini, watapandisha mishahara yao kwa kuona haya." Sikuelewa hesabu yake, lakini tulicheka wote wawili.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe. Mwezi uliopita Bwambale, utingo wa lori letu, alileta kikapu cha vitu kutoka milima ya juu ya Bwera. Bwambale ni Mkonjo, mtu mzima mwenye masharubu, na anapenda sana kusifiwa. Memsabu alikuwa amemwambia asiguse kibanda cha mtu, aokote tu katika vibanda vilivyoachwa. Akaapa kwamba vyote vilikuwa magofu. Ndani ya kikapu mlikuwa na kijembe kizuri kuliko vyote, lakini bapa lake lilikuwa limekunjwa kama sikio la mbuzi. Memsabu alikitazama, akasema, "Maskini, mbuzi wamekikanyaga." Akachukua koleo la mumewe akakinyoosha taratibu mpaka kikawa sawa. Mimi nikakisugua kwa majivu na ndimu mpaka kikang'aa, nikachapa kikaratasi: Jembe, kamili. Sote wawili tuliridhika na kazi yetu. Mkuki wa baba yake ulikuwa pale pale mezani, hatua moja kutoka mkononi mwake.

Jumanne iliyopita, nikiwa uani natandaza nguo, nikaona mwanamke amesimama mlangoni amefunga kitenge cha Kongo, miguu ina vumbi jeupe la chumvi. Nyuma yake alikuwapo Bwambale, anaangalia viatu vyake. Hamisi alikuwa chini ya lori anakaza springi. Wale wa mpakani, Mama, Kiswahili chao ni cha upande wa Kongo. Nakuandikia kama nilivyokisikia.

"Wewe njo Mama Taipu?" akauliza yule mwanamke.

"Ndiye mimi. Karibuni ndani."

"Hapana ingia. Miye nafuata jembe ya mutoto yangu. Huyu mutu anasema aliipeleka kwa muzungu, na muzungu aliileta kwako."

"Nilifikiri kibanda kimekufa, dada," Bwambale akasema. "Majani yalikwisha anguka."

"Kibanda hakikufa. Nilikuwa Katwe, nakata chumvi. Mutu akienda kukata chumvi, nyumba yake inakufa?"

"Hapana."

"Basi wewe ukienda Kampala na lori, miye nije nichukue bibi yako, niseme ameachwa?"

Hamisi alicheka huko chini mpaka akagonga kichwa kwenye chuma. Bwambale hakucheka.

Jina la mwanamke ni Biira. Mume wake anachimba mgodini, naye hukaa Bwera na mtoto wao Masika. Mwaka jana mtoto huyo alipata kidonda kwenye muundi ambacho hakikupona kwa dawa yoyote. Biira akaenda kwa mhunzi, akaahidi jembe kwa mwenye mlima kama kidonda kitafunga. Kikafunga. Akakunja jembe kwa mikono yake, akaliweka kibandani, akaenda Katwe kutafuta riziki. Mwezi huu mguu ulivimba upya, mwekundu, mtoto akawa na homa kali hata anapayuka. Biira alipopanda kibandani kuuliza kulikoni, akakuta patupu.

Mume wake alimleta mtoto hospitali ya mgodini kwa lori letu, Hamisi akiendesha. Daktari akampiga picha ya mfupa. Akasema mfupa umeoza ndani, lazima upasuliwe wiki hii hii, kipande kilichokufa kitolewe. Wakichelewa, atakata mguu juu ya goti, na hata hivyo hana hakika ya kumwokoa. Baba alikuwa tayari. Biira alikataa. Alisema mwenye mlima amenyang'anywa kitu chake, ndiyo maana amekasirika, na mtu hawezi kumpasua mtoto aliye chini ya hasira hiyo. Kwanza jembe lirudi.

Nilimtazama nikaona hakuja kubembelezwa. Sikumwambia mambo ya ushirikina wala ya elimu. Nilimwambia, "Jembe limo ndani ya sanduku, na sanduku jana limekwenda stesheni. Twende sasa hivi." Nikamtuma Bwambale akimbie kwa memsabu, nikavaa baibui, tukaondoka na lori.

Ghalani karani wa mizigo alinionyesha sanduku, limepigiliwa misumari, limekaa juu ya magunia ya pamba likingoja treni ya jioni.

"Nataka lifunguliwe," nikamwambia.

"Sanduku likishaandikwa kitabuni ni la reli, bibi."

"Sanduku ni la reli. Vilivyomo ni vya memsabu."

"Basi na aje memsabu."

Akaja kweli, na gari lake, bila kofia, Bwambale amekaa nyuma kama waziri. Karani akatafuta nyundo bila mtu kumwambia mara ya pili. Mbao zilipong'olewa, wachukuzi wote wakajongea. Nikaanza kutoa vitu katika maranda, kimoja kimoja, na mchukuzi mmoja akasema, "Kwa majembe haya mtalima shamba la panya." Mwingine akamjibu, "Usicheke, huenda ndiyo posho yetu ya mwaka kesho." Biira alisimama bila kutikisika. Nilipofika kwenye kijembe chake nilikijua kwa kung'aa, nikampa kwa mikono miwili.

Alikishika, akakigeuza. Kisha akanitazama usoni.

"Nani aliinyoosha?"

Memsabu anajua Kiswahili cha jikoni. Akajibu mwenyewe, "Mimi nyoosha. Mimi fikiri mbuzi kanyaga."

"Mbuzi," Biira akasema. "Mbuzi anajua kukunja jembe?"

Akanieleza, nami nikafasiri kwa Kiingereza neno kwa neno. Jembe likikunjwa, haliwezi kulima tena, kwa hiyo si la mtu. Limekwisha pokewa. Jembe lililonyooka ni la mtu bado. Liko mkononi mwake, hajalitoa.

Memsabu akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Zuhura, jambo hili nimelijua tangu utoto. Nimelisema mbele yako. Na nilipoliona hapa niliona mbuzi." Na mimi ndiye niliyechapa neno "kamili". Kisha akafanya lile ambalo mtu mwenye majuto hulifanya. Alichukua koleo la karani akanyoosha mkono, apate kulikunja tena kama lilivyokuwa.

Biira akamshika kifundo cha mkono.

"Hapana. Ukiikunja wewe, ni wewe unatoa. Wewe uliomba nini?"

Nikafasiri. Memsabu akaweka koleo chini. "Sikuomba kitu," akasema.

"Basi acha."

Akakaa juu ya gunia la pamba, kijembe kwenye mapaja. Mimi nilikuwa nafikiri juu ya mtoto na zile siku za daktari, na nilikuwa tayari kumsihi. Nilikwisha fungua kinywa. Lakini nilimwona anasogeza midomo kama mtu anayejihesabia jambo, nikafunga kinywa changu, na mpaka leo nashukuru kwamba nilikifunga.

"Munganga alisemaje juu ya kufunga?" akaniuliza hatimaye. "Miye nilisikia, lakini nilikuwa na kasirani. Wewe ulikuwa hapana. Uliza huyu bwana yako, alikuwapo."

Hamisi ndiye aliyewapeleka kwa daktari siku ile, na alisikia yote. Akasema, "Alisema ubaya ni kwamba kidonda kilifunga juu. Uchafu ukabaki ndani, hauna mlango, ukala mfupa."

"Njo hivyo," Biira akasema. "Mwaka jana nilisemaka, kidonda kifunge. Kikafunga. Hakunidanganya. Ni miye sikujua kuomba."

Akakiinua kijembe, akakiangalia kwenye mwanga wa mlango.

"Nilikuwa nimekwisha mupa. Mutu akishatoa, hawezi kurudi kusema, lile neno hapana, nataka ingine. Lakini sasa jembe iko kwangu, na imenyooka. Bado sijatoa kitu. Naweza kuomba upya."

Bwambale akainua kichwa. "Kwa hiyo, dada, nilifanya vizuri?"

"Wewe ulifanya wizi. Nyamaza."

Hapo wachukuzi walicheka, na Biira mwenyewe akatabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. Nikamwuliza, "Sasa utaomba nini?"

"Ifunguliwe," akasema. "Ifunguliwe mpaka chini, ile mubaya itoke. Mwenye kisu si iko pale lopitali? Twende."

Akakifunga kijembe kwenye pindo la kitenge, akawa wa kwanza kupanda lori.

Hospitalini nilisimama kati yake na daktari, nikafasiri. Njiani Hamisi alikuwa ameniambia, "Wewe fasiri sawasawa, yaliyobaki ni ya Mungu." Nilifanya hivyo. Daktari ni kijana, ana haraka, lakini alikaa kitako akatueleza. Alisema atafungua mguu, atatoa mfupa uliokufa, na kisha hatashona. Ataujaza kitambaa cha dawa na kuuacha wazi, ili nyama ipande kutoka chini. Alitaka nimwonye mama kwamba kidonda kitatisha kukitazama, na asije akaomba kifungwe upesi. Nilipomfasiria Biira hilo la mwisho alimwangalia daktari kwa makini, kama mtu aliyekutana na fundi wa kazi yake.

"Mwambie sitaomba," akasema. Kisha akaniambia mimi, "Huyu anajua."

Alhamisi ikafanyika. Nilikuwapo. Kipande kilichotoka kilikuwa kama ganda la karanga, cheusi. Masika alipozinduka alitaka maji, akatukana kidogo kwa Kikonjo, na baba yake, ambaye anakaa chini ya ardhi siku nzima na baruti na hababaiki, alilia mbele ya wauguzi. Lakini homa haikushuka Ijumaa, wala jana. Daktari akasema tusubiri mpaka leo jioni. Ikianza kushuka, mguu umebaki. Ikipanda zaidi, kesho atakata.

Hapo ndipo tulipo, Mama.

Unataka kujua mimi nilifanya nini katika mambo haya. Nimeswali, nimemwombea yule mtoto dua kwa jina lake kila baada ya swala, na sikuomba kitu kwa mwingine ila Mungu. Kijembe nilikisafisha, nikakichapia karatasi, nikakirudisha kwa mwenyewe. Ukimwona Shangazi Tatu mweleze hivyo, na umwambie dereva yule wa Kigoma anakaribishwa kuja kutazama kwa macho yake. Nadhani hata wewe, ungelikuwa ghalani siku ile, ungelimwomba Biira asogee kwenye gunia ukae kando yake.

Memsabu hakulipeleka sanduku lake Kampala. Vile vyote vilivyokunjwa au kupindwa amempa Bwambale avirudishe, kila kimoja kwenye kibanda chake, na Bwambale anapanda milima ya Bwera tangu Ijumaa. Kila mwenye kibanda ana maneno yake ya kumwambia. Hamisi amesema atamwongezea chakula, nusu kwa ajili ya kupanda na nusu kwa ajili ya matusi. Kwa makumbusho, memsabu amemwagiza mhunzi afue vipya. Vitakwenda vimenyooka, na nimekwisha chapa karatasi zake: Havijatolewa kwa yeyote. Jana nilimkuta ameweka ule mkuki wa baba yake mbele yake. Akaniambia miaka yote alikuwa akiutazama kama kitu kilichoharibika. Nikamwambia yule mtu wa zama za Warumi alipata alichokiomba, au angalau aliona amepata. Akasema, "Natumaini alijua kuomba."

Saa kumi na mbili imepita. Nasikia lori. Naacha kalamu.

Nimerudi. Hamisi ameingia, amenawa, amekaa, wala hakutaka kusema mpaka apate chai. Unamjua. Nikamnyima kikombe.

"Imeshuka," akasema. "Tangu adhuhuri inashuka. Daktari amelifuta lile neno la kukata. Mtoto anataka ndizi za kuchoma, na wamemkatalia, na anawasema wote."

"Na Biira?"

"Amekaa kando ya kitanda. Muuguzi amemwambia aondoe chuma wodini, akamjibu kwamba chuma bado kiko kazini. Wamemwacha."

"Hajakikunja?"

"Nilimwuliza. Nikamwambia, si homa imeshuka, si umepata? Akasema hapana, hakuomba homa. Ameomba kidonda kifunguliwe mpaka chini kisha kifunge chenyewe, kutoka chini kuja juu, hata kikichukua mwaka. Anasema mara hii hana haraka."

Basi nikampa chai yake.

Mama, nisalimie kaka Issa mwenye kuunda mitumbwi, na mkewe, na unijulishe upesi akijifungua. Nisalimie Mjomba Juma fundi wa viatu, umwambie vile alivyonishonea vimepanda milima na havijafunguka. Nisalimie Bibi wa upande wa baba, umpige busu mkono kwa niaba yangu, na Maalimu wangu wa chuo, umwombe amtaje Masika binti Masereka katika dua zake bila kuuliza ni wa dini gani. Shangazi Tatu naye msalimie, kwa upole. Hamisi anakuamkia, anasema chumvi ya Katwe uliyoagiza itakuja na treni pamoja na barua hii ikiwa karani wa ghala atakubali kuiandika kitabuni.

Mungu akulinde mpaka tuonane uso kwa uso.

Mimi mwanao anayekuhitaji,
Zuhura

Jumatatu asubuhi, anga safi, mlima wote wazi. Naongeza mstari huu kabla ya kufunga bahasha, usije ukaendelea kuhesabu usingizi wangu kama ulivyohesabu wako. Tangu Jumanne nilikuwa nasinzia kwa vipande vipande. Jana nilizima taa saa tatu u nusu, na saa nne nilikuwa nimelala.